Fundi wa Kamera Hana Kiapo

Shilingi 3,000. Hizo ndizo pesa ambazo IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, iliiambia mahakama kwamba alilipwa fundi mmoja ili avuruge kumbukumbu za kamera za CCTV katika Kituo cha Polisi cha Central, Nairobi, Juni 2025. Hapa Homa Bay pesa hizo hazikununulii mbuzi wa maana.

Aliyekuwa amefia mikononi mwa polisi mwezi huo ni Albert Omondi Ojwang, mwalimu mwenye umri wa miaka 31. Alikuwa akifundisha shule ya upili ya Kituma, Taita Taveta, lakini kwao ni Kakoth, Kabondo Kasipul, hapa Homa Bay. Jumamosi tarehe 7 Juni maafisa walifika nyumbani kwa babake wakamchukua. Mzee Meshack Opiyo akaelezwa kwamba mwanawe ameandika jambo kwenye mtandao wa X kumhusu mkubwa mmoja wa polisi. Wakapitia kituo cha Mawego, kisha wakaanza safari ya kilomita zipatazo 350 hadi jiji kuu. Mzee akafuata nyuma akiwa na hatimiliki ya shamba, maana hicho ndicho kitu cha thamani alichokuwa nacho cha kumwekea mtoto dhamana. Alifika akaambiwa mtoto amekufa.

Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mwalimu alijigongesha kichwa kwenye ukuta wa seli, akakimbizwa hospitali ya Mbagathi. Siku tatu baadaye Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa hiyo. Naibu wake Eliud Lagat, ambaye malalamishi yake ndiyo yaliyoanzisha msako, alijiondoa kazini kwa muda tarehe 16 Juni, kisha akarejea, hakushtakiwa. Walioshtakiwa kwa mauaji ni sita: aliyekuwa mkuu wa kituo (OCS), makonstebo wawili na raia watatu. Wote wamekana, na ni juu ya mahakama kusema nani alifanya nini. Sitaki kuifanya kazi ya jaji.

Wakubwa wamezungumziwa vya kutosha. Mimi niko na yule fundi.

Kila teknolojia inapoingia nchini tunapigiwa debe kwamba itatuokoa na udhaifu wa binadamu. Kamera zikafungwa kwenye vituo vya polisi, tukaambiwa sasa hakuna atakayempiga mshukiwa gizani. Vitambulisho vikawa vya alama za vidole, kura zikawa za mitambo, na kila baada ya muda waziri mpya anaahidi kwamba kitabu cha matukio, OB, kitahamia kwenye kompyuta na hakitafutika tena. Ahadi zote hizo zina kosa moja. Zinahesabu mashine na kumsahau anayeshika bisibisi.

Kamera yenyewe haikumbuki chochote. Kinachokumbuka ni kile kisanduku ambacho mafundi hukiita DVR, chenye diski ndani yake. Kisanduku huandika usiku na mchana, na diski ikijaa kinarudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani. Kwa hiyo picha za kituo hudumu siku au wiki kadhaa tu, kutegemea ukubwa wa diski na idadi ya kamera. Ukiifomati diski, mara nyingi picha hazitoweki papo hapo. Ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo ukaacha kurasa nyingine zote kitabuni. Mtaalamu akiwahi kabla ya diski kuandikwa upya anaweza kuzipata. Na vingi vya visanduku hivi hujiandikia pembeni saa vilipozimwa, saa vilipowashwa na saa diski ilipoondolewa. Ndiyo maana wachunguzi wa IPOA, siku chache tu baada ya kifo, waliweza kuwaambia maseneta bila kusita kwamba mfumo ulichezewa.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu moja. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyejua. Mkubwa wa kituo anaweza kuamuru, anaweza hata kufoka, lakini hajui nywila, hajui ni diski ipi, hajui menyu inaanzia wapi. Anamhitaji fundi. Katika mlolongo mzima wa kuficha jambo kwa njia za kisasa, kuna mahali ambapo mwenye cheo hana uwezo na mwenye uwezo hana cheo. Hapo ndipo neno "hapana" lina nguvu kuliko bunduki, na hapo ndipo, kwa madai yaliyo mbele ya mahakama, lilikosekana.

Sasa mtazame mtu mwingine katika kisa hichohicho. Tarehe 10 Juni, Dkt Bernard Midia aliongoza jopo la wanapatholojia watano waliopasua maiti ya Ojwang. Alitoka nje akawaeleza waandishi kilichoonekana: majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na majeraha mengi ya misuli na ngozi mwilini. Akafafanua kwamba mtu akijigongesha ukutani, damu huvujia ndani ya kichwa kwa mpangilio fulani, hasa upande wa mbele. Hapa ilikuwa imetapakaa usoni, pembeni na kisogoni. Kwa maneno machache ya kitaalamu, bila kupaza sauti na bila kumtaja mtu, taarifa ya polisi ikawa imekufa.

Tukampongeza kwa ujasiri, na anastahili. Lakini tusidanganyane kwamba daktari alizaliwa na moyo mwema na fundi akazaliwa na moyo mbaya. Daktari alikuwa na vitu ambavyo fundi hakuwa navyo. Alikula kiapo. Ana baraza linaloweza kumnyang'anya leseni. Jina lake liko chini ya ripoti. Alikuwa na wenzake wanne waliotazama mwili huohuo, nao wangeshangaa ripoti ikisema vingine. Akiagizwa kuandika uongo ana mlango wa kutokea: "Sheria ya taaluma yangu hainiruhusu." Fundi akiagizwa, mlango wake ni upi? Hana baraza, hana mwenzake, wala hana jina mahali popote. Ana kibarua, ana kodi ya nyumba, na anayemwagiza ana pingu kiunoni.

Wapo watakaosema dawa ni leseni. Tulishapita njia hiyo. Mwaka 2016 uliletwa mswada wa kutaka wataalamu wa kompyuta na mawasiliano wasajiliwe na kupewa vyeti vya kufanyia kazi. Waliokuwa kwenye sekta wakaupinga. Ukarudi kwa sura nyingine, Bunge likaupitisha mwaka 2022, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Nami nasema alifanya vyema. Nenda kwenye vibanda vya Rongo, Awendo na mjini Migori uone nani anatengeneza simu, nani anafunga kamera kwenye duka la mnunuzi wa dhahabu, nani anaunganisha intaneti ya shule. Ni vijana waliojifundisha wenyewe kwa video na kwa kuunguza vifaa vya watu wawili watatu. Leseni ya Nairobi ingewafungia riziki, na isingemfanya hata mmoja wao awe mkweli. Tuna mawakili wenye leseni wanaokula pesa za wateja.

Kinachokosekana ni kitu kidogo kuliko leseni na kigumu zaidi kukipata: haki ya fundi kukataa, na hakika kwamba akikataa hatabaki peke yake. Mswada wa kuwalinda wanaofichua maovu umezungushwa miaka mingi. Anayejua siri ya mtambo leo analindwa na bahati yake tu.

Christopher Msando hakuwa na bahati. Alikuwa meneja wa teknolojia katika tume ya uchaguzi, IEBC, mtu aliyejitokeza kwenye televisheni kuwahakikishia Wakenya kwamba mfumo wa kutuma matokeo hautachezewa. Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya kura ya Agosti 8, maiti yake ilipatikana viungani mwa Nairobi ikiwa na alama za kuteswa. Mwezi mmoja baada ya kifo chake, Septemba 1, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba tume ilikataa kufungua seva zake zikaguliwe kama ilivyoagizwa. Nyanza nzima inalijua jina la Msando. Kila fundi kijana anayeombwa kuguza diski anajua pia kilichompata mtu aliyesema mtambo wake hautaguzwa. Kwa hiyo ninapomlaumu yule wa shilingi 3,000, namlaumu kwa nusu mdomo.

Migori nayo ina shahidi wake. Septemba 2018 mwandishi wa gazeti la Nation, Barrack Oduor, aliitwa Rongo pamoja na Sharon Otieno, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye habari yake alikuwa akiifuatilia. Wakaingizwa kwenye gari. Oduor aliruka likiwa mwendoni, akajeruhiwa, akafika kwa polisi akaeleza aliyoyaona. Mwili wa Sharon ulipatikana msitu wa Kodera, upande wa Homa Bay. Gavana wa Migori wakati huo, Okoth Obado, alishtakiwa pamoja na wasaidizi wake wawili, nao wakakana. Humo garini hamkuwa na kamera wala diski. Kumbukumbu yenyewe iliruka nje ikakimbia kwa miguu. Sina hakika kama sisi waandishi tunaokopi habari kutoka WhatsApp tungefika hapo.

Na hapa niseme lisilopendwa na vijana wa mtandaoni. Kuandika kitu kumhusu mtu, awe mkubwa ama mdogo, bila kukithibitisha, halafu kujificha nyuma ya jina la bandia, si uanaharakati. Mwandishi wa gazeti akifanya hivyo anafutwa kazi. Lakini kosa hilo lina njia yake. Februari 2017 Mahakama Kuu iliondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai. Aliyechafuliwa jina aende korti ya madai na wakili wake, adai fidia. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti saa hizo zikiishia wikendi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwalimu asafirishwe kutoka Nyanza hadi Nairobi kwa sababu ya chapisho. Ajabu ni kwamba mwanakijiji akiibiwa ng'ombe mara nyingi huambiwa gari la kituo halina mafuta. Siku hiyo mafuta yalipatikana.

Lisilopendwa la pili. Tarehe 3 Julai, mwili wa Ojwang ulipoletwa nyumbani kwa mazishi, waandamanaji walikichoma kituo cha Mawego. Hasira ile naielewa. Kituo hicho ndicho alichopitishwa. Lakini OB huwekwa kituoni. Ndimo huandikwa saa ya kuingia, saa ya kutoka, gari na jina la afisa. Kituo kikiungua, karatasi huungua, na anayefurahi zaidi ni yule aliyetaka zisionekane. Kufomati diski kwa petroli ni kufomati vilevile. Mzee wa boma akizuia vijana wasichome, wanamwita msaliti. Kumbe ndiye mtunza ushahidi pekee aliyebaki.

Mawego hiyohiyo ina chuo cha kiufundi. Huko Siala, upande wa Migori, pia kipo. Vijana wanaotoka huko ndio watakaofunga kamera za shule, za hospitali, za benki na za vituo vya polisi. Wanafundishwa nyaya, volti, mitandao, jinsi ya kuweka nywila na jinsi ya kuifungua iliyosahaulika. Ningependa wafundishwe pia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotaka nakala ya kumbukumbu ya kielektroniki ipelekwe kortini ikiwa na cheti chenye saini ya mtu anayeusimamia mtambo, akieleza ilivyotolewa. Yaani sheria tayari inamjua fundi. Inamwita kwa cheo chake, inataka jina lake, inamweka kizimbani sawa na daktari. Vyuo ndivyo ambavyo havijamwambia.

Wala haihitaji mtaala mpya wa kutengewa mabilioni. Swali moja la mtihani linatosha kuanzia: Ni Jumapili asubuhi. Mkubwa wa kituo ulichofungia kamera amekupigia simu, anataka uje uifomati diski, na atakulipa shilingi 3,000. Eleza hatua utakazochukua kwa mpangilio, ukitaja utakayempigia simu kwanza. Alama 20.