Je, Wajua? Stanley na Livingstone walilala Mugere

Wengi husimuliwa kwamba wapelelezi Stanley na Livingstone walikutana Burundi. Sivyo. Walikutana Ujiji, Tanzania ya leo, mwaka 1871. Lakini Novemba mwaka huohuo walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kutafuta jibu la swali lililowagombanisha wataalamu wa Ulaya: je, mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kuulisha Nile? Waliukuta unaingia ziwani.

Jiwe la Mugere, mahali walipolala katika safari hiyo, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, limechongwa majina yao na tarehe 25-XI-1871.

Ukienda huko kutoka Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura, wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, njia ni kavu, ingawa ukungu wa vumbi na moshi huificha milima ya Kongo. Kabla ya kwenda Mugere, pita kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, mlimani juu ya mji. Aliuawa 13 Oktoba 1961 akiwa hotelini kando ya ziwa hilihili, miezi michache tu kabla ya uhuru wa Burundi wa 1 Julai 1962.