Mjuzi wa Maneno Aliyevaa Shati Jeusi

Tumelelewa tukiambiwa elimu ni taa. Nami niliamini hivyo mpaka niliposoma maisha ya Davud Monshizadeh.

Mwajemi huyu alizaliwa Tehran mwaka 1914, akasoma Ulaya, akabobea katika lugha za kwao za kale. Vita Kuu vya Pili vilimkuta Ujerumani chini ya Hitler. Aliporudi Iran aliunda chama cha SUMKA, mwaka 1952, kwa kuiga Wanazi: mashati meusi, saluti ya mkono, na majivuno ya damu ya Kiarya. Vijana wake walimpinga Waziri Mkuu Mosaddegh na kupigana barabarani na wakomunisti wa Tudeh. Chama hakikudumu. Yeye akaishia Sweden, profesa katika Chuo Kikuu cha Uppsala, akafa mwaka 1989.

Linalonisumbua ni hili. Kiajemi kimejaa maneno ya Kiarabu. Nasi Waswahili tumekopa kwa Waajemi “bandari” na “serikali”. Mtu aliyezijua safari za maneno namna ile, vipi aliamini kuwa kuna damu isiyochanganyika?

Taa anayo mtu mkononi, ndugu msomaji, lakini njia huichagua mwenyewe.