Petroli si sabuni: Unachopaswa kujua kabla ya kuosha spea

Arusha. Iwe gereji ya Levolosi au nyumbani, wengi wakitaka kutoa grisi kwenye spea hukimbilia petroli. Kweli inatoa fasta, ila hatari kubwa ipo kwenye mvuke wake.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, nyuzi 20 chini ya sifuri. Hivyo baridi ya Julai haikuokoi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa au cheche za kuchomelea.

Afadhali mafuta ya taa, yanayofikia hatari hiyo kuanzia nyuzi 38 hivi. Oshea nje, mbali na moto.

Mikono? Tumia sabuni. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Moto ukizuka, piga 114, Zimamoto.