Muzee wa Bruges na jino la Lumumba

Kila mwaka 17 Januari ikikaribia, kwetu sendika mabishano yanarudi: yule polisi Mubelgiji aliyeharibu maiti ya Lumumba, tumusamehe, juu alikuwa muzee na amekwisha kufa? Wenzetu wa kanisa wanasema ndiyo, marehemu hana deni. Sisi tunakataa.

Jina lake Gérard Soete, komiseri wa polisi. Usiku wa 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi kule Shilatembo, si mbali na Lubumbashi. Nyuma yake Soete na ndugu yake waliwafukua, wakawakata kwa musumeno, wakawatia mu aside. Sisi wa kazi ya shaba ile aside sulfuriki tunaijua. Tone moja linatoboa nguo ya kazi mpaka nyama. Na ilitoka Union Minière, pale bababu zetu walitumika. Maneno haya hayako mbali na sisi.

Mwaka 1999, na umri karibu 80, Soete alisema yote mbele ya televizyo. Kusema ni kitu. Wakubwa wengi walikufa midomo imefungwa, basi ile haki tunamupa. Lakini meno aliyong'oa kwa maiti, alisema ameyatupa ku bahari. Mwaka 2000 akafa. Mwaka 2016 tribinali ya Ubelgiji ikakamata jino moja kwa binti yake.

Sasa tupige hesabu. Mama Pauline Opango, bibi ya Lumumba, alikufa Kinshasa Desemba 2014: miaka 53 ya ujane bila kaburi ya bwana yake. Jino lilipewa watoto 20 Juni 2022, likapita Shilatembo, likazikwa Kinshasa 30 Juni. Soete angelirudisha mbele ya kufa, Mama angepata kitu cha kulilia. Hatumudai machozi wala kupiga magoti. Tunamudai lile jino, na ile miaka 14 Mama aliyongoja bure nyuma ya kifo chake.

Wengine wanasema uzee ulimuazibu. Hata mutu wa haki anazeeka! Patron akikula mushahara wetu kisha akaugua, tutaenda kumuona ku hospitali, ndiyo, lakini mushahara atalipa.

Roho yake Mungu anaijua. Musamaha wa hapa duniani ulikuwa wa Mama Pauline. Jamaa za Mpolo na Okito nao wanangoja. Wao hawakupewa hata jino.