Nakshi za Lamu zasambaa mtandaoni, swali ni nani mwenyewe

MLANGO wa kale uliochongwa Lamu hauwezi kupakiwa melini na kupelekwa ng'ambo bila kibali. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inauhesabu mlango wowote, au fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa.

Picha ya mlango huo huo, hata hivyo, haihitaji meli wala kibali. Msanifu wa tovuti aliyeketi Nairobi, Dubai au Berlin anaweza kuipata kwa dakika moja, akainakili nakshi yake na kuigeuza kuwa pambo la ukurasa wa intaneti, la kitambaa au la kasha la simu, na mchongaji wa Lamu asipate habari.

Hilo ndilo fumbo linalovikabili visiwa vya Lamu, Manda, Pate na vinginevyo katika funguvisiwa hilo la pwani ya kaskazini mwa Kenya. Mtandao umezifikisha kazi za mikono ya wenyeji kwa walimwengu kuliko wakati mwingine wowote. Wakati huo huo, umezitenga kazi hizo na majina ya waliozibuni.

Ili kuelewa kinachogombewa, ni sharti kwanza kuelewa kilichomo katika nakshi zenyewe.

Hesabu ndani ya ukuta

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya shirika la UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za mawe, nyingi zikiwa za karne ya 18 na 19, zimejengwa kwa matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko.

Urefu wa boriti ndio uliomwamulia fundi upana wa chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko haubebi uzito katika nafasi kubwa mno, vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, upana wake ukiwa takriban mita 2.5 hadi 3. Fundi hakuuona upungufu huo kuwa kilema. Aliupanga mmoja nyuma ya mwingine: daka mlangoni, kisha uwanda ulio wazi kwa mwanga, halafu msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani, chumba cha faragha kuliko vyote.

Katika ukuta wa ndani ndimo mnamopatikana zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa na kupangwa kwa ulinganifu. Humo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka Uchina na vitu vingine vya thamani. Jicho la mgeni aliyesimama uwandani huvutwa hatua kwa hatua hadi kwenye ukuta huo, na chumba chembamba kikaonekana kuwa na kina.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alizitumia nyumba za fahari za Pate zilizogeuka magofu kuwa mfano wa dunia isiyodumu. Msomaji asiyejua madaka na vyombo vyake vilikuwa na hadhi gani hawezi kuhisi uzito wote wa maombolezo yale.

Juu ya vichochoro kuna wikio, vyumba vinavyounganisha nyumba mbili kwa ghorofa ya juu. Kwa njia hiyo, wanawake wa ukoo mmoja waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Kwa hivyo usanifu wa Lamu si urembo mtupu. Kila pambo lina kazi yake, na kazi hiyo inatokana na maisha ya watu.

Mlango nao una taratibu zake. Katikati yake husimama mfaa, nguzo iliyochongwa ambayo imeshikamana na ubao mmoja na kufunika mwanya unaobaki mbao mbili zinapokutana. Miimo ya pembeni na kizingiti cha juu hubeba maua, minyororo na majani yanayojirudia bila kuwa na sura ya kiumbe chenye uhai. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijipatia sifa yake kwa uchongaji, kazi za ngozi na unakili wa misahafu.

Hazina iliyoingia kwenye kompyuta

Kwa miaka mingi, aliyetaka kujifunza mambo haya alihitaji kufunga safari hadi Lamu au kukitafuta kitabu cha msanifu majengo Usam Ghaidan kuhusu mji huo, kilichochapishwa mwaka 1975. Hali hiyo imebadilika.

Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, umepima baadhi ya majengo ya Lamu kwa miale ya leza na kuyatengenezea vielelezo vya kompyuta vinavyoonyesha pande zote. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya nayo yalishirikiana na kampuni ya Google kuweka mtandaoni maonyesho ya urithi wa jamii za Kenya mwaka 2019.

Pengine lililo kubwa zaidi ni la miswada. Kupitia mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, zaidi ya miswada 100 ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao. Msikiti huo unafungamana na jina la Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeufanya mji huo kitovu cha elimu na sherehe za Maulidi.

Kwa msanifu wa kurasa, miswada hiyo ni somo tosha. Humo anaona jinsi mwandishi alivyopima pambizo, alivyotofautisha matini na maelezo, na alivyomwongoza msomaji kwa wino wa rangi. Katika miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, iliyohifadhiwa kwingineko, anaona pia jinsi waandishi walivyotatua tatizo la sauti kama p, v, ch na g, ambazo Kiarabu sanifu hakina herufi zake. Wengine waliongeza nukta, wengine wakaazima herufi za Kiajemi.

Hata hivyo, kuweka kitu mtandaoni si sawa na kukihifadhi milele. Oktoba 2023, British Library ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta na huduma zake nyingi zikakwama kwa miezi kadhaa. Tukio hilo lilikumbusha kwamba nakala ya mtandaoni ni msaidizi wa karatasi iliyoko Lamu, wala si mrithi wake.

Funzo la kikoi

Hofu ya kuporwa si ya kubuni. Mwaka 2006, kampuni moja nchini Uingereza iliomba isajiliwe kuwa mmiliki wa nembo ya biashara yenye neno kikoi kwa tahajia ya Kiingereza. Wafanyabiashara na watetezi wa biashara ya haki walipinga, wakihoji vipi jina la vazi la watu wa pwani liwe mali ya kampuni moja. Ombi hilo halikufaulu, lakini liliamsha mjadala mkubwa nchini Kenya.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuziba pengo hilo. Kifungu cha 11 kinalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kuwa jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Matokeo yake ni Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Kazi za Kitamaduni ya mwaka 2016, ambayo inahitaji idhini ya jamii itolewe mapema, kabla ya mtu wa nje kutumia kazi zake kwa biashara. Sheria hiyo pia inazipa serikali za kaunti jukumu la kuzisajili na kuziweka kwenye kumbukumbu.

Tofauti na hakimiliki ya kawaida, ambayo nchini Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ulinzi huu haupimwi kwa umri wa mtu mmoja.

Utekelezaji ndio wenye miiba. Nakshi ya Siyu ni ya Wasiyu pekee, au ni ya Wapate, Waamu na Wabajuni wote? Itakuwaje kwa ua lililofanana na la Oman, Uajemi au India, ilhali bahari imekuwa ikibeba mafundi na mitindo kwa karne nyingi? Aidha, sheria ya Kenya haina meno ya moja kwa moja kwa mtu anayeuza vitambaa katika nchi nyingine.

Mtandao kama mtumishi

Upo mfano unaoonyesha kwamba mtandao unaweza kumtumikia fundi badala ya kumfilisi. Mwaka 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walikamilisha jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa takriban mita 9. Liliundwa kwa zaidi ya tani 10 za taka za plastiki na kuvikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa katika fuo na miji.

Mapema mwaka 2019, jahazi hilo lilisafiri yapata kilomita 500 hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likazungushwa katika Ziwa Victoria. Picha zake za rangi nyingi zilienea duniani. Tofauti na nakshi isiyo na jina, picha hizo zilitaja Lamu na zikamtaja fundi. Ustadi wa kale wa kuunda majahazi haukuhamishwa kutoka kwa wenyewe. Uliwatafutia wenyewe kazi mpya.

Hapo ndipo penye njia kwa wasanifu wa leo. Anayevutiwa na pambo la Lamu hana budi kutaja lilikotoka, kuomba idhini anapotaka kulifanyia biashara, na inapowezekana kumwajiri mchongaji aliyepo badala ya kunakili kazi ya aliyekufa. Vijana wa Lamu nao wanahitaji kompyuta na mafunzo ili waisanifu nakshi yao wenyewe, kwani wao ndio wanaojua kwa nini mfaa husimama katikati na zidaka huwekwa ndani.

Kaunti, kwa upande wake, inaweza kuharakisha kazi ya kuandikisha mitindo, mafundi na majina ya kila sehemu ya mlango na ukuta, kabla ya wazee wanaoyajua kuondoka nayo. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.