Likizo ya Skandinavia: Msianze na Tiketi

Mwezi huu pekee watu watatu wamenisimamisha hapa mjini Bariadi na kuniuliza swali moja: mtu afanye nini ili aipeleke familia yake likizo Uswidi, Norwei au Denmark? Mmoja ana mtoto anayesoma huko, mwingine ana kaka, na wa tatu amealikwa na mtu aliyewahi kufanya kazi naye.

Swali hili si la ajabu. Nchi hizo tunafahamiana nazo tangu mwaka 1963, zilipokubaliana na Tanganyika kujenga kituo cha elimu cha Kibaha, ambacho kilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Sisi wa huku, tulipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, tuliufahamu mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 na kusaidiwa na Norwei, uliorudisha miti na ngitili katika ardhi iliyokuwa jangwa. Wao walikuja kwetu. Sasa ni zamu yetu kwenda kuwatembelea.

Nitajibu swali hilo kwa kuanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2023 dada yangu anayeishi Göteborg alitualika, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, wa kike mwenye miaka 16 na wa kiume mwenye miaka 13. Kwa furaha tuliuza ng'ombe saba, fedha zote tukaziingiza benki kwa siku moja, na juma lililofuata tukanunua tiketi. Ndipo tukaomba visa. Tukanyimwa. Barua ilieleza kwamba hatukuthibitisha vya kutosha fedha hizo zilikotoka, wala kwamba tungerudi nyumbani. Sehemu kubwa ya fedha za tiketi haikurudishwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni binti yangu, ambaye alikwisha waaga wenzake darasani.

Hivyo basi, somo la kwanza: tiketi ni jambo la mwisho, si la kwanza. Unaweza kuombwa kuonyesha nafasi uliyoshikiwa kwenye ndege, lakini kushika nafasi si sawa na kulipa.

Uswidi, Norwei na Denmark zote zimo katika mpango wa nchi za Schengen, kwa hiyo visa moja ya matembezi inatosha kwa zote tatu, na hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi. Yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kila mmoja, hata mtoto, lazima awe na pasipoti yake, ambayo itabaki hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Inatakiwa pia bima ya safari inayofikia euro 30,000. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na kuanzia miaka 12 huchukuliwa alama za vidole kama mtu mzima.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuthibitisha kwamba mtarudi. Barua ya mwajiri inayoeleza likizo yako, leseni ya biashara, hati ya nyumba na barua ya mkuu wa shule ya watoto zina uzito mkubwa. Kuhusu fedha, ziingie benki kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, kama zinavyopatikana. Ukiuza ng'ombe au pamba, tunza stakabadhi za mauzo. Na ukinyimwa, barua itataja sababu, na unayo haki ya kukata rufaa. Aidha, hakuna kinachokuzuia kuomba upya baada ya kurekebisha kasoro.

Sasa tuje kwenye gharama. Mwenye watoto wadogo hupata nafuu ambayo mwenye vijana haipati. Ada ya visa tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Kijana akitimiza miaka 12 analipa kamili. Nauli ya ndege ni hivyo hivyo. Familia kama yangu italipa euro 360 za visa, yaani takriban shilingi milioni moja, na fedha hizo hazirudishwi ukinyimwa. Nafuu ya vijana huanza mkishafika, kwa mfano makumbusho ya meli ya Vasa mjini Stockholm hayawatozi walio chini ya miaka 19.

Mkiwa huko, gharama kubwa ni chakula cha hotelini na malazi. Dada yangu alitulaza sebuleni, tukapika wenyewe. Msinunue maji ya chupa, kwani maji ya bomba yananyweka. Nchi hizo tatu kila moja ina sarafu yake, na Uswidi maduka mengi hayapokei noti kabisa, kwa hiyo hakikisheni kadi ya benki inafanya kazi nje ya nchi kabla hamjaondoka.

Kwa upande wa kalenda, sisi watu wa pamba tunajua fedha huanza kuonekana baada ya msimu wa ununuzi kufunguliwa katikati ya mwaka. Hivyo fedha ya pamba ya mwaka huu ifanyiwe safari ya Juni mwakani, shule zinapofunga. Juni ndio wakati mzuri: Stockholm jua huchomoza kama saa tisa na nusu za usiku na kuzama baada ya saa nne usiku. Kaskazini ya mbali, mji kama Tromsø, halizami kabisa. Desemba, mji huo huo hauoni jua hata kidogo, na makoti ya familia nzima ni gharama nyingine.

Nimeacha jambo kubwa zaidi liwe la mwisho, yaani vijana wenyewe. Mara ya kwanza tuliwapangia kila kitu wazazi. Mara ya pili, mwaka 2024, mke wangu alishauri kila mtoto apewe siku yake moja na fedha zake, aipange na kuisimamia mwenyewe. Nilidhani watazichezea. Kijana wangu alichagua kuvuka daraja la Öresund kwa treni kutoka Malmö hadi Copenhagen. Ndilo lililofunguliwa mwaka 2000, karibu kilometa nane juu ya bahari, kisha njia inazama chini ya maji. Ndiye aliyetukumbusha kubeba pasipoti, maana hapo ni nchi mbili na ukaguzi upo. Hakuna siku aliyoamka mapema kuliko hiyo.

Binti yangu alichagua meli ya Vasa. Meli hiyo ya vita ilizama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, bado iko bandarini, kwa sababu ilikuwa nzito juu na nyepesi chini. Iliinuliwa mwaka 1961. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, hii ni kama sisi mwaka jana. Tiketi tulikuwa nazo, chini hakuna kitu." Sikuwa na jibu.

Nimalizie na ushauri mmoja. Kabla ya safari ndefu, fanyeni safari fupi. Binamu zao wa Uswidi walipowauliza wanangu kuhusu Serengeti, walinyamaza. Tunaishi jirani na hifadhi inayojulikana dunia nzima, lango la Ndabaka liko karibu tu na Lamadi, na watoto wangu walikuwa hawajawahi kupita hapo. Ilikuwa aibu yangu, si yao. Anzeni huko, kwa siku moja, vijana wakitunza fedha na saa. Mtajua ni nani kati yao mbebaji wa mizigo, nani hasomi saa, na nani anaweza kukabidhiwa pasipoti. Na wakiulizwa ugenini, watakuwa na la kusimulia.

Wale watatu walioniuliza, nadhani mmenisikia. Hadi juma lijalo, nawatakieni mapumziko mema.