Okoa kumbukumbu za Firefox kabla fundi hajapiga Windows

Kompyuta ya dukani ikianza kusuasua, dawa ya kwanza ya mafundi wengi ni kupiga Windows upya. Mashine hurudi nyepesi, lakini mwenye duka akifungua Firefox anaikuta tupu. Anwani za wauzaji wa mbegu, kurasa za bei za mazao na neno la siri la kuwasilisha ritani TRA, vyote vimekwenda. Picha na mahesabu fundi huyauliza na kuyahamishia diski D. Ya kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, mara nyingi hakuna anayeyakumbuka.

Firefox yenyewe hupatikana bure. Mali iko kwenye folda yake iitwayo profaili, ambayo kwa kawaida imejificha ndani ya diski C, na hiyo ndiyo hufutwa. Faili la places.sqlite hutunza kurasa zilizohifadhiwa na historia. Maneno ya siri yako kwenye logins.json na key4.db, na moja bila jingine halifai kitu. Heri kunakili folda nzima kuliko kuokoteza faili.

Kazi hii haihitaji fundi. Andika about:profiles mahali pa kuandikia anwani, na mstari wa Root Directory utaonyesha folda ilipo. Funga Firefox kabisa, kisha nakili folda hiyo kwenye diski D. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika firefox.exe -P, tengeneza profaili mpya na uielekeze kwenye folda ya D. Usifute ya zamani mpaka uhakikishe kila kitu kipo. Windows ikipigwa upya, weka Firefox na urudie hatua ya kuielekeza tu.

Tahadhari moja: usiweke nyaraka nyingine ndani ya folda hiyo. Ukija kufuta profaili na kukubali faili zake zifutwe, na hizo zitaondoka.

Wanaotumia Chrome wasitegemee njia hii. Maneno yake ya siri hufungwa kwa akaunti ya Windows, hivyo folda ikihamishwa kwenye Windows nyingine huwa hayafunguki. Yatolewe kwanza kama faili la CSV, ila faili hilo husomeka na yeyote, hata kijana anayeshika kaunta. Lifutwe mara likishatumika.

Wengine huiweka profaili kwenye flashi. Inafanya kazi, ingawa polepole, na flashi hupotea kirahisi. Anayefanya hivyo aweke kwanza neno kuu la siri katika mipangilio ya Firefox, maana bila hilo atakayeiokota ataweza kusoma yote.

Tena, kwenye kompyuta nyingi C na D ni vyumba viwili vya diski moja. D huokoka fundi anapofuta C, lakini diski ikiungua au kompyuta ikiibwa, vyote huenda pamoja. Nakala nyingine ikae kwenye diski ya nje, nyumbani, mbali na duka.